Mama Kwenye Foleni ya Makambako

Mwaka 1948 Anania Mgaya alikuwa na miaka ishirini, na kwa maoni ya mama yake, Dorkasi, alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili kupita kiasi. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni karibu na Njombe, akarudi na mwandiko mzuri ambao haukupalilia hata tuta moja la viazi. Dorkasi akaamua mwanawe aende Tanga kukata mkonge kama wenzake. Ili asije akabadili nia njiani, alimsindikiza mwenyewe kwa miguu hadi Makambako, safari ya siku mbili. Kijana alitembea hatua hamsini mbele, watu wasijue kwamba anasindikizwa na mama.

Makambako palikuwa na kambi ya vibarua wa mkonge. Hapo waliandikishwa kabla ya kupanda malori ya kwenda Tanga, na kila mmoja alitia sahihi kwa dole gumba. Anania naye alinyoosha dole. Dorkasi, aliyekuwa anachungulia dirishani, akasema kwa sauti kwamba hakumpeleka shule miaka minne aje kutumia kidole alichozaliwa nacho. Kwa aibu Anania akachukua kalamu, akaandika jina lake. Bwana mkubwa wa kambi, Mwingereza aliyechoshwa na karani mwenye mwandiko usiosomeka, alilitazama jina lile kwa muda. Malori yalipoondoka, Anania hakuwamo. Alikuwa amepewa meza.

Dorkasi alirudi nyumbani amekasirika. Alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kuiona bahari, na sasa ilimbidi aseme ameishia Makambako.

Mwaka haukuisha kabla karani mpya hajawa mtu mzito. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi, akajua maneno matatu ya Kiingereza na kuyatumia yote kila siku. Kila kibarua alikuwa na namba, kwa hiyo Anania akaona majina yanamchelewesha. Wanaume wa Matamba, wengine umri wa baba yake, aliwaita mia mbili na nne, mia mbili na tano, bila kuinua macho.

Asubuhi moja ya baridi kali ya Juni, Dorkasi alifika na kikapu cha maharage. Hakwenda mezani. Alipanga foleni nyuma ya wanaume, akasikiliza. Zamu yake ilipofika, Anania, macho daftarini, akauliza namba.

"Tatu," alijibu mama yake. "Wewe ni mwanangu wa tatu. Kuanzia leo nikikuita Namba Tatu, utaitika?"

Anania alisimama. Kitu pekee kilichomtoka mdomoni kilikuwa salamu ya nyumbani, "Kamwene, mama." Dorkasi akaitikia, akaweka kikapu juu ya daftari. Akamwambia taratibu kwamba kila mmoja wa wale ana mtu atakayemuulizia, na mtu huyo aandikwe pia. Kisha akaondoka.

Anania alinuna siku mbili. Siku ya tatu alichora safu mpya: jina, kijiji, na mtu wa kupewa habari.

Baada ya mwaka na nusu barua ilitoka Tanga ikisema namba mia tatu na kumi na moja amefariki kwa homa. Anania alifungua daftari: Alfonsi Sanga, wa Matamba, mama yake Telesia. Aliomba ruhusa, akaipeleka habari mwenyewe. Telesia alilia mpaka akaishiwa sauti. Baadaye akamuuliza amejuaje pa kumpata.

"Mwanao alikutaja mwenyewe," Anania alisema.

"Asante kwa kumuuliza," alijibu Telesia.

Anania aliinamisha kichwa, kwa kuwa asante ile haikuwa yake.

Bwana mkubwa aliposikia, aliisifu ile safu. Anania akasema wazi kwamba ni wazo la mama yake. Bwana mkubwa alicheka sana, akidhani ni mzaha, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba yeye, bwana mkubwa, ndiye aliyelibuni.

Basi Anania akaenda nyumbani Njombe na blanketi jipya, akasimulia habari ya Telesia, akamshukuru mama yake kwa maneno aliyoyapanga njia nzima. Dorkasi alimsikiliza hadi mwisho, akalipapasa blanketi, akauliza nani sasa anamlimia Telesia.

Anania akasema hilo hakumuuliza.

"Shukrani zako nimezipokea," alisema mama yake. "Nenda ukaulize."

Wiki iliyofuata alikuwa njiani kuelekea Matamba, jembe begani, kaptura bado imepigwa pasi.