Majirani Walionikana

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilimpiga mtu na chupa ndani ya baa moja ya mtaa wa Kamalondo, sababu ya mpira tu. Yeye alipona, mimi nikalala gereza miezi sita. Nilipotoka nilijifunza kushona, na toka hapo kichwa changu kikajaa suti.

Miaka ikapita. Kumbe ndoto nazo zinatimia: shule moja ya ushonaji ya Casablanca ikakubali kunipokea. Lakini kwa viza walitaka kasie, ile karatasi inayoonyesha kama mtu aliwahi kuhukumiwa. Avoka mmoja, mama mwanasheria ninayemshonea nguo, akaniambia korti inaweza kunifutia hukumu, mradi majirani washuhudie kwamba nimekuwa mtu mzuri. Parke, ile ofisi ya mwendesha mashtaka, ingetuma inspekta kwenye avenyu yetu kuwauliza.

Nilicheka. Nusu ya watoto wa avenyu wanavaa iniforme niliyoshona mimi. Sikumwonya mtu.

Inspekta akaja nikiwa nimeenda kununua uzi. Niliporudi, mama jirani anayekaanga vitumbua alinipokea kama mshindi.

"Mwana yangu, leo tumekuponesha. Polisi alikuja na jina yako ku karatasi. Nikamuambia, ule muntu hatumujue. Papa wa nyumba ya pembeni akasema ulihamia Kilwa, unavua samaki."

"Na fundi wa vélo?" nikauliza, nikitazama baiskeli zake ng'ambo ya avenyu.

"Ule alisema ulikufaka."

Nikakaa chini. "Mama, alikuja kuuliza kama niko muntu muzuri."

Akaacha vitumbua viungue mbele yetu. "Sasa juu ya nini haukutuambia?"

Kesho yake avoka akanipigia simu. "Papa, kwa parke wewe ni mvuvi marehemu. Marehemu hapewi viza." Kama ripoti haingebadilishwa kabla ya Ijumaa, ombi langu lingekataliwa, na Casablanca ingechukua mtu mwingine. Mama wa vitumbua nilimwambia, ila sikumwomba kitu.

Ijumaa asubuhi nilitoka peke yangu kwenda parke, moyo mzito. Mlangoni nikawakuta watatu: mama amevaa kikwembe chake kizuri cha misa, papa wa pembeni na suti niliyomshonea, na fundi wa vélo amenawa mikono mpaka viwiko.

Pale parke inspekta aliwatambua mara moja. "Mama, si weye uliniambia haumujue?"

"Nilidanganya, shefu. Andika vile."

"Kumudanganya polisi ni kosa. Minaweza kukufunga."

"Basi unifunge, ila yeye aende."

"Na miye njo nilimuzika," akasema fundi, macho chini.

Inspekta alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. Akavuta karatasi mpya, akawasikiliza mmoja mmoja. Alipouliza makosa yangu, mama hakunihurumia: "Anaimba sana asubuhi. Na suruali ya feti ya ndoa anakupa feti ikishaisha." Nayo ikaandikwa.

Korti ikanifutia hukumu. Siku nilipopewa kasie mpya nilikimbia nayo kutoka kituo cha basi mpaka kwenye vitumbua, nikihema, nikamwonyesha mama pale pa hukumu. Palikuwa na neno moja la Kifaransa.

"Inasema nini?"

"Inasema hakuna kitu."

Akaishika karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Hakuna kitu? Na bile bintu byote bizuri tulisema, habakuandika hata kimoja?"