Bakteria wa Mvinje na Funguo Mbili

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nafundisha baiolojia chuoni, Chake Chake. Ufunguo wa maabara alikuwa nao bibi mfagizi. Wa chumba cha jenereta alikuwa nao mzee mlinzi. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, lakini vyama viliwatenga hata salamu hawakupeana.

Mimi nilikuwa na bakteria wangu, niliowatoa kwenye vinundu vya mizizi ya mvinje, pwani ya Micheweni. Bakteria hawa huichukua naitrojeni ya hewani wakaulisha mti, ila kimeng'enya kinachowafanyia kazi hiyo huharibiwa na oksijeni. Basi penye oksijeni nyingi huota vipira vidogo vyenye kuta nene, wakafanyia kazi humo ndani. Oksijeni ikiwa haba, hawajisumbui kuvijenga. Nilitaka wanafunzi wajionee wenyewe. Nikaweka chupa mbili: moja naipulizia hewa kwa pampu ya umeme, nyingine nimeiziba.

Siku hiyohiyo umeme ukakatika.

"Mwambie huyo awashe jenereta," bibi akaniambia. Mzee kasimama hatua tatu tu kutoka kwetu.

"Mwambie huyo afungue maabara kwanza, nijue nawasha kwa kazi gani."

"Jamani, si mnasikilizana!"

Ikabidi nigeuke huku na huku nirudie maneno ambayo kila mtu keshayasikia. Na umeme ulikatika karibu kila siku, na kila siku tulianza upya.

Baada ya wiki mbili nilichungulia kwenye hadubini. Chupa zote mbili zilikuwa na nyuzi tupu za bakteria, hakuna kipira hata kimoja; hewa ya pampu haikutosha. Nikawapigia kelele bibi na mzee mpaka koo likaniuma.

"Sasa mwalimu," bibi akauliza, "hao wadudu wako chama gani hata ututukane kwa ajili yao?"

Wallahi, sikucheka. Nilitayarisha chupa mpya nikaenda nazo nyumbani. Moja nikaiziba, nyingine nikawa naitikisa kwa mkono ipate hewa, asubuhi, mchana na jioni, hata mchuzi ukiwa jikoni unaungua. Mume wangu akauepua mwenyewe; alikwisha nizoea.

Safari hii vipira vilitokea kwenye chupa ya kutikiswa, vya mviringo, vinang'aa. Wanafunzi waliviona. Bibi alikuja kuangalia Jumatatu. Mzee akaja Jumatano, akachungulia kwa muda mrefu.

"Yeye kaviona?" akauliza.

Nikamwambia akamwulize mwenyewe.