Tochi Kinywani mwa Fundi

Kiwandani walimwita Mama Tochi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kusimama getini jioni, washonaji wakitoka, na kupekua mikoba yao. Tochi alijinunulia mwenyewe, maana taa ya geti ilikuwa hafifu naye hakuamini kitu alichokiona nusunusu. Aliwahi kukuta zipu ndani ya kiatu na vifungo ndani ya chupa ya chai. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, na wanawake wakainua mikono wenyewe wapapaswe. Mabosi walimsifu zaidi kwa yule mshona kola aliyekana kuiba mkasi mpya. Mama Tochi alimbana jioni baada ya jioni hadi akakiri. Mkasi haukuonekana, lakini aliyekiri amekiri, akafukuzwa.

Mumewe alikuwa fundi makochi, mtu wa utani, mwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Moyo ulipoanza kumsumbua, hospitali walimpasua wakamwekea mlango mpya wa chuma ndani ya moyo, wenyewe wanauita vali. Akatoka na kovu kifuani na vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kumeza kila siku maisha yake yote. Damu ikiganda kwenye vali, aliambiwa, bonge linaweza kukimbilia kichwani, na hapo ndiyo basi tena.

Shida ilianza kliniki. Kila alipotobolewa kidole, damu ilionekana inaganda upesi kana kwamba hajaonja dawa. Wakamwongezea kidogo, wapi. Mwishowe daktari wa kliniki, mzee asiyependa maneno mengi, alimgeukia mke.

"Mama, wewe ndiye unaishi naye. Anazimeza kweli? Siwezi kumwongezea dozi mtu asiyemeza. Siku akizimeza zote, atavuja damu tushindwe kuizuia."

Mama Tochi alitaka kusema ndiyo. Kisha akamkumbuka mumewe akiwa kazini. Mafundi makochi huweka misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo ikigonga. Huyu wake aliweza kucheka na kubishana na mteja huku misumari imetulia shavuni, na hajawahi kumeza hata mmoja. Mtu kama huyo atashindwaje kuficha kidonge?

"Sina hakika, daktari," alisema.

Tangu siku ile nyumba ikageuka geti. Kila asubuhi alimpa kidonge na maji, akawasha tochi. "Fungua. Inua ulimi. Shavu la kushoto."

"Mke wangu, mnatafuta zipu mpaka kwenye magego?" fundi alitania mwanzoni.

Mkewe hakucheka. Kipimo kilichofuata kilikuwa vilevile, akajua kuwa mwizi amebadilisha njia. Alifumua mito ya makochi ya wateja, akapindua mifuko ya suruali, akachokoa tundu la bafuni kwa waya. Siku moja alikuta kidonge chini ya meza ya karakana.

"Kilinidondoka, nikachukua kingine," fundi alisema.

"Lisemwalo lipo, baba watoto. Kama halipo, laja."

Wakawa wanakula bila kuzungumza. Ukweli ni kwamba mwanamke yule alikuwa anaogopa. Aliogopa ujane mpaka usingizi ukamhama, na hofu hakujua kuionyesha ila kwa kufoka. Jioni moja fundi aliweka nyundo chini.

"Basi, yaishe. Nilikuwa nazitema. Nisamehe."

Mama Tochi alilia, akamshika mikono, akamsamehe palepale. Usiku ule alilala fofofo. Kliniki alitoa taarifa kichwa juu, na daktari mzee akairudisha dozi kwenye kiasi cha mwanzo, mgonjwa asije akavuja damu.

Haukupita muda mrefu, nyundo ikamtoka fundi mkononi. Alipoinama kuiokota mkono ulikataa, mdomo ukaenda upande, misumari ikamwagika kifuani. Baadaye mkono ulirudi, lakini hospitali walisema hilo ni onyo, wakamlaza. Wodini kulikuwa na daktari mwingine, binti mwenye sauti ndogo, aliyechukua damu kisha akaomba na mate kwenye kichupa.

"Mate ya mume wangu yanakwenda wapi?" Mama Tochi aliuliza. "Mnataka kutujaribia dawa zenu?"

"Yanakwenda maabara, mama. Siku hizi watafiti hawatafuti dawa mpya tu. Wanatafuta pia kwa nini dawa moja inamfaa huyu na inampita yule. Mara nyingi jibu liko kwenye vinasaba, yaani yale mwili uliyorithi kwa wazazi."

"Huyu hahitaji maabara. Amekiri mwenyewe."

Daktari alimtazama fundi. Fundi alitazama shuka. Mama Tochi alikubali shingo upande, baada ya kukagua kifuniko cha kichupa kwa tochi.

Majibu yalipokuja, daktari alivuta kiti akakaa karibu nao. "Mzee amezaliwa na mwili usioisikia dawa hii kwa kipimo cha kawaida. Wapo watu wa hivyo, si wengi. Anahitaji zaidi ya mara mbili. Na damu tuliyochukua siku ile alipolazwa ilikuwa na dawa ndani. Alikuwa anameza, mama."

Daktari aliondoka.

"Mbona ulikubali kwamba unazitema?" Mama Tochi aliuliza.

"Ulikuwa hulali. Nilikwambia kweli kila siku, ukaikataa. Nikaona labda uongo utakupa usingizi."

"Ungekufa."

"Nilikuwa nazimeza bado. Sikujua kukubali kunaua."

Aibu ilimshika Mama Tochi, akashindwa hata kuomba radhi. Alimfunika miguu, akaifunika tena.

Fundi aliruhusiwa na dozi yake mpya, na damu ikaanza kutii. Mke akarudi kazini. Jioni ya kwanza foleni ilijipanga getini kama kawaida, na mshonaji wa mbele alikuwa ameshafungua mkoba na kuinua mikono. Mama Tochi aliwasha tochi, ikabaki inamulika chini. Alikuwa anamfikiria mshona kola, alivyokana na kukana, kisha siku moja akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, ndiyo, nimechukua. Usiku ule pia, Mama Tochi alikumbuka, yeye mwenyewe alilala fofofo.