Mama Aliyepiga Pasi kwa Masista

Nilikuwa na miaka kumi baba aliponipeleka shule ya masista, Kasongo. Tulitembea kwa miguu kutoka Kabambare siku kadhaa, na alipogeuka kurudi kwenye shamba lake la pamba sikulia. Kilio kiliingia tumboni. Kila asubuhi tulipoambiwa tushike kalamu kwa dikte, yaani imla, tumbo lilinikaza, mikono ikatetemeka, wino ukamwagika. Sista alinipa dawa ya minyoo mara mbili. Haikusaidia, na kwa daftari chafu nilichapwa.

Aliyetambua shida yangu ni mwanamke aliyefua na kupiga pasi nguo za masista, mjane wa kabila la Wabangubangu kama sisi. Alimwomba sista niwe naye Alhamisi mchana, nimsaidie kukunja mashuka. Tulikunja, kila mmoja na ncha zake, mpaka akauliza kwa Kibangubangu, lugha ya nyumbani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba aondoke:

“Mutoto wangu, tumbo inakuuma, ao unakumbuka kwenu?”

Nilisema sijui. Hakubisha. Akaniambia basi nimpeleke kwetu kwa mdomo, nisikimbie, nimwonyeshe kila kitu. Nikampitisha mtoni penye mihogo iliyolowekwa, nikampitisha kwa bibi aliyesuka vikapu, hadi jikoni kwa mama. Nililia juu ya shuka safi, naye akaacha pasi ipoe. Hakuniambia ninyamaze. Nilipokwisha kulia alinifuta uso kwa kitambaa chake.

“Kila Alhamisi tutaenda,” alisema. “Siku zingine, tumbo ikianza, vuta pumzi polepole, ufike mpaka mutoni tu. Kisha uandike.”

Niliandika. Si vizuri mara moja, nilichapwa tena. Lakini mvua zilipoanza, mikono ilikuwa imetulia, na nilikula ugali wangu wote.

Mwaka wa tatu nilirudi kutoka likizo na karanga ambazo mama alimtumia. Nilimkuta mwanamke mwingine kwenye pasi. Aliniambia kuwa kaka wa yule wa kwanza alikuja kumchukua, wakaenda upande wa Kongolo. Kijiji gani, hakujua. Karanga nilikaa nazo mpaka zikaingia wadudu.

Baadaye nilifundisha watoto wadogo, na mtoto aliyetetemeka nilimkalisha karibu nami, nikamwuliza njia ya kwao. Kila mtu aliyetoka Kongolo nilimwulizia habari za mama yule. Waliniuliza jina lake, nami sikuwa nalo. Sisi watoto tulimwita mama tu.