Maji ya Kumwaga

Emőke Varjas amezeeka akitazama seli zikifa. Ndiyo kazi yake, na mtu akimwuliza harusini anafanya nini, hujibu kwamba anapika, maana amechoka kueleza. Kwa kifupi, utando unaoizunguka kila seli una mafuta, na mafuta fulani humo yakichochewa hutoa amri, nayo seli hujiua yenyewe. Emőke alitafuta dawa ya kuizuia amri hiyo, na hapa chuo kikuu cha Szeged sote tuliamini kwamba ameipata. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikihangaika na minyoo ya samaki wa mto Tisza, na wivu nilikuwa nao, sikatai.

Dawa yenyewe ilikuwa na mtu wake. Ambrus, kaka yake Emőke, aliendesha tramu mpaka ugonjwa ulipoanza kuziua seli za neva zake, miguu kwanza, kisha mikono. Jumapili Emőke alimlisha supu ya samaki, na Ambrus aliwatangazia majirani wote wa ghorofa: "Msinizike mapema, dada yangu yuko jikoni!"

Asubuhi moja ya baridi kali pampu ya maabara iliharibika. Kwa kawaida, kabla mashine haijazipiga picha seli na kuhesabu zilizokufa, pampu hufyonza maji ya kwenye sahani zinamokuzwa, na seli husuuzwa ili picha itoke safi. Maji yale huishia kwenye bomba, hakuna anayeyatazama. Siku hiyo Emőke aliyamimina kwa mkono kwenye glasi.

"Jirani, hebu njoo," aliniita. "Macho yangu yamechoka, au haya maji yana ukungu?"

"Mwaga bwana, twende tukanywe kahawa."

"Ngoja kwanza."

Aliweka tone chini ya darubini, akatazama, akanipisha. Seli zilizokufa zilikuwa zimejaa tele.

"Za sahani ipi hizi?" nikauliza.

"Yenye dawa."

Akakaa chini. Dawa haikuzuia kifo hata kidogo. Ilizifanya tu seli zinazokufa ziachie sahani na kuelea, wakati zile zisizopewa dawa zilifia palepale zilipoganda, zikahesabiwa.

"Nimekuwa nikimwaga maiti," alisema, "halafu nahesabu waliobaki na kushangilia. Na kila mwaka nawaambia wanafunzi wasisuuze kabla ya kuhesabu! Mimi! Ilipokuja hii mashine ya picha nikafuata maelekezo yake kama kondoo."

"Rudia kwanza. Labda ni sahani moja tu."

Alirudia wiki nzima, akikinga kila tone. Jibu halikubadilika. Akaliandikia jarida waifute makala yake ya dawa hiyo, na sikumwona akilia. Alionekana mchovu tu, mchovu wa kuegemea ukuta anapofungua mlango.

"Na Ambrus nitamwambiaje?" aliniuliza.

"Usimwambie. Si anakula vizuri siku hizi? Mwache ale."

"Anakula kwa sababu ya uongo wangu, jirani."

"Hukujua kama ni uongo."

"Sasa najua."

Nilikasirika. Niliona anataka kujipunguzia mzigo kwa kumtwisha mgonjwa, na nikamwambia hivyo hivyo bila kupaka mafuta. Jumapili nikampeleka kwa gari langu hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na hali ya kuendesha.

Ambrus alikuwa kitini karibu na dirisha, mikono imelala juu ya blanketi, haiinuki tena. Emőke hakuvua hata koti. Alikaa mbele yake akaanza tangu mwanzo kama yuko darasani: mafuta, amri, sahani, pampu, glasi. Alieleza kwa muda mrefu mno. Ambrus hakumkatiza, ila uso wake ulikuwa ukikunjamana, pua ikipinda huku na huku, nikadhani anajizuia kulia. Nilitamani niwe popote pengine duniani.

"Kwa hiyo hakuna dawa, kaka," Emőke alimaliza. "Haijawahi kuwepo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, nimesikia. Sasa nikune pua, mdogo wangu. Inaniwasha tangu ulipoanza, nikaona nisikukatize."

Emőke akainuka na koti lake, akamkuna.

"Juu kidogo," alisema Ambrus.