Aliyeniomba Chumvi Wadi Kabir

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, jua la Maskati linawaka hadi lami inanata kwenye viatu, na nilikuwa na njaa tu kama mtu mwingine. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakapofika katikati utataka kunicheka.

Nafanya kazi za ndani Bawshar, kwa Bi Salma, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Kwetu mimi ni Muheza. Ijumaa ndiyo siku yangu, na nilikuwa nikichukua teksi hadi Wadi Kabir kula kwenye mkahawa mmoja wa Wahindi. Ukiwa mgeni, tena mwanamke peke yako, hukai mbele na mafundi wa magari wa gereji za pale. Unapelekwa nyuma, kwenye vijumba vya mbao vyenye pazia, unakaa kwenye zulia, unakula bila kutazamwa. Nilipapenda. Wiki nzima naandalia watu. Pale naandaliwa mimi.

Wali na samaki vikaletwa. Sijatia tonge la kwanza, pazia likasogezwa, akaingia msichana, abaya yake imejaa vumbi mpaka mabegani. Hakuwa na viatu. Kwa joto lile, nani anatembea pekupeku? Lakini alinisalimu kwa Kiswahili cha Unguja, akasema ana njaa, nami nikasogea. Wewe usingesogea? Kusikia Kiswahili ugenini kunamlegeza mtu.

Tukala, yeye kwa haraka, kichwa chini. Nikaona anachota wali mweupe tu, ambao pale huupika bila chumvi. Samaki alimnusa, akamrudisha. Kisha akaonyesha kichupa cha chumvi kwa kidevu.

"Nitilie chumvi, dada. Mie nimekatazwa kuigusa."

Mwili ukanisisimka. Kwetu hata mtoto anajua habari za msukule: mtu aliyechukuliwa na wachawi, ndugu zake wakazika kitu kingine wakidhani ni yeye. Halishwi chumvi, maana akiionja tu, akili humrudia.

"Naitwa Rayya, kwetu Wattaya," akasema. "Nitilie upesi, nishaitwa."

Na kweli, nje ya pazia mwanamume alikohoa, mara moja tu.

Niamini, kichupa nilikuwa nacho mkononi. Nilishakiinamisha. Halafu nikaona vidole vya miguu chini ya pazia, vimesimama vinangoja, nikakirudisha kichupa kwenye zulia. Rayya alinitazama, akajifuta mkono kwenye abaya, akatoka.

Nilipopata nguvu ya kufunua pazia, ujia ulikuwa mtupu. Mhudumu aliapa kwamba hakuna aliyeingia wala kutoka. Lakini wali kwenye sahani yangu ulikuwa umechimbwa pande zote mbili, wangu na wake.

Jioni nilimsimulia Bi Salma nikitegemea anicheke. Alikaa chini. Akaniambia huku mtu kama huyo huitwa mughayab, na nyumba hiyo ya Wattaya anaijua. Binti yao alikufa ghafla, wiki moja kabla ya harusi yake. Jina lake Rayya.

Siku ya pili akanipeleka kwa mama wa binti. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho bila kutoa chozi, kisha akauliza neno moja.

"Ulimtilia?"

Nikamwambia niliogopa. Hakunilaumu. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo sijui niliimezaje.

Sasa mama huyo ndiye anayekwenda kwenye kijumba kile kila Ijumaa. Huagiza wali wa watu wawili na kukaa mpaka adhana ya alasiri. Hajaja mtu. Mimi sijarudi tena, na nyumbani mwanamume akikohoa nyuma yangu, nilichoshika huniponyoka.

Basi nawe, ukiwa nchi ya watu, mtu akija kwenye sahani yako na kukuomba kitu kidogo ulicho nacho, mpe kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye. Mimi nilianza na kuogopa.