Mtoto wa Kondoa Aliyengoja Basi la Babati

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Dodoma, na kwa kupenda kuuliza maswali hakuna anayeniweza. Miezi miwili baada ya ile ajali ya basi la wanafunzi iliyoliza nchi nzima, Mwalimu Hadija wa Kondoa, niliyesoma naye chuo, alinipigia simu. "Njoo unisaidie. Nina mtoto hanywi uji, haimbi, anashinda kwenye uzio." Anaangalia nini huko? Nilitaka kujua.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi na begi la kalamu za rangi. Tulipoipita Chemba, alizeti zilikuwa zimechanua pande zote, nami nikawa natunga wimbo wa matumaini, najiona mtaalamu kweli kweli.

Saa nne nikafika shuleni, wakati wa uji. Watoto wakasimama: "Shikamoo mwalimu!" Mmoja tu hakugeuka. Mwanaidi, miaka mitano, alikuwa kwenye uzio. Basi la kutoka Babati likapita, akasimama kwa ncha za vidole kuchungulia madirishani.

"Unamngoja nani, mama?"

"Zulfa. Yuko Babati kwa shangazi yake."

Nikamgeukia Hadija. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Zulfa, rafiki wa Mwanaidi, alikufa kwenye ile ajali. "Watoto wadogo tunawaambia kaenda kwa ndugu," akaninong'oneza. "Tunajua watasahau."

Jamani! Wimbo wangu wote ukaniishia mdomoni.

Mchana tulikwenda kwa mama yake Mwanaidi. Alitukaribisha mkekani, akamimina chai. Nikamwomba amwambie mtoto ukweli. Akakataa.

"Mwalimu, wewe kesho unaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki na kilio chake."

Sikumbishia; nilimweleza tu jinsi mtoto anavyochungulia madirisha ya basi la Babati. Akaweka kikombe chini. Kisha mwenyewe akamwita mtoto, akampakata.

"Mwanangu, nilikudanganya. Zulfa alikufa kwenye ile ajali. Hatarudi."

Mwanaidi akainua uso.

"Kwa hiyo hajaninunia?"

Kumbe, akatueleza, siku ya mwisho kuwa pamoja waligombania kalamu! Miezi miwili mtoto aliamini rafiki yake kamkimbia kwa hasira. Ndipo akalia, mama yake akalia, na mimi nikalia bila aibu yoyote.

Kesho yake asubuhi alikunywa uji vikombe viwili, akakaa chini kumchora Zulfa. Basi la Babati lilipopita aliinua macho, akaendelea kupaka rangi.

Saa nane nilianza safari ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kuwapa watoto matumaini, nikajifunza kwamba huyu alihitaji kwanza kuambiwa ukweli na mtu aliyempakata. Kabla ya kufika Chemba nilimpigia simu dada yangu wa Mtumba, kule kule Dodoma. Mwanawe wa miaka minne bado anaambiwa marehemu baba yake yuko masomoni.

"Dada, nakuja kwako moja kwa moja," nikamwambia. "Usimlaze mtoto. Leo tunamwambia."